Wale maroboti vikaragosi wa MST3K walivyotokana na vyombo vya ndani, naomba maelezo kwa anayejua

ticha_chekechea:

Wadau habari zenu. Mimi nafundisha watoto wadogo na pembeni naandaa kipindi kifupi cha YouTube cha hesabu kwa Kiswahili. Mhusika mkuu nataka awe kikaragosi roboti, sitaki wa kuchora kwenye kompyuta, nataka wa kushika kwa mkono kabisa maana mtoto akiangalia kitu ambacho anajua kipo kweli anakiuliza maswali, anakijibu, anataka akiguse.

Sasa katika kupekua pekua nimekutana na kile kipindi cha zamani cha Marekani kinaitwa Mystery Science Theater 3000, wengi wanakiita MST3K, kuna jamaa kakwama angani kwenye chombo analazimishwa kuangalia filamu mbovu na maroboti wake, basi wanaisema filamu mwanzo mwisho. Filamu zenyewe sikuzijali sana, maroboti ndo wamenishika. Yule wa rangi ya dhahabu mwenye mdomo mrefu, Crow, na yule mwekundu mwenye kichwa kama cha kioo, Tom Servo. Ukiwaangalia kwa makini unaona kabisa hiki chombo cha jikoni, hiki nimeshakiona dukani sehemu, lakini wakianza kuongea hata huoni tena vyombo, unamuona mtu.

Naomba kujua walianzaje. Kulikuwa na mchoro kwanza afu vitu vikatafutwa, au vitu vilitangulia? Na walibadilika vipi kadri kipindi kilivyokua? Nauliza pia kwa faida yangu, mimi nina vifuniko vya hotpoti, makopo ya maziwa, chupa kubwa za maji, tochi mbovu, na sijui nivifiche visijulikane au niviache vionekane kama vilivyo. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_waya:

Dada umegusa kitu ninachokipenda sana, ngoja nijibu taratibu.

Vitu vilitangulia. Aliyewaunda ni Joel Hodgson, na ili uelewe maroboti lazima umuelewe yeye kwanza. Alikuwa mchekeshaji wa madude, yaani anapanda jukwaani na vifaa alivyobuni mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 80 akafika mpaka Saturday Night Live na kwa David Letterman, vile vipindi vikubwa vya televisheni vya Marekani. Afu akaachana na mambo ya Los Angeles akarudi Minneapolis, akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuprinti tisheti, na muda wake mwingine anaunga maroboti ya mapambo kwa vitu vya mitumba na kuyauza. Kwa hiyo wakati anaonana na Jim Mallon ambaye alikuwa kwenye kituo kidogo cha televisheni cha pale mjini, KTMA chaneli 23, tayari mikono yake ilikuwa na miaka ya kuangalia chombo na kujiuliza hiki kinaweza kuwa kichwa cha nani. Watu wakisikia kwamba aliwaunga maroboti usiku mmoja kabla ya kurekodi kipindi cha majaribio wanadhani ni bahati, lakini usiku ule ulikuwa mmoja tu wa kuunga, wa kuangalia ulikuwa mwingi sana nyuma yake.

Crow sasa. Mdomo wake ni pini ya bolingi ya plastiki, ile yenye umbo la chupa inayoangushwa kwa mpira kwenye mchezo wa bolingi, iliyopasuliwa katikati kwa urefu, nusu ya juu nusu ya chini. Macho ni vimpira vya pingpong vimekaa kwenye nusu za kisahani cha sabuni. Ule wavu unaomzunguka kichwani kama taji ni kinga ya uso ya wanamichezo, ile inayozuia mpira au fimbo isikupige usoni. Kifuani ni tapawea, yaani chombo cha plastiki cha Tupperware, ile trei ya kupangia maua. Mikono ni ya taa ya mezani, zile taa zenye vyuma vya kukunja na kukunjua. Ukishaambiwa hivyo mtazame tena, utaona kila kimoja kimebaki na umbo lake, lakini hakuna hata kimoja kinachofanya kazi yake ya zamani. Pini ya bolingi ukiilaza na kuipasua ni domo la ndege, hata jina la Crow linakaa vizuri hapo maana ni kunguru. Nani aliwahi kuiona pini hivyo kabla?

Servo yeye kichwa ni kile kimashine cha kutolea vitafunwa, jamii ya zile za bablishi unazungusha kitasa zinadondoka, ndo maana ana kuba ya plastiki inayoonyesha ndani kama kioo juu na sehemu ya kutokea pipi ikawa mdomo. Kiwiliwili ni kibubu cha watoto chenye umbo la pipa, kifuani kabandikwa injini ya gari la kuchezea, na ile sketi yake ya chini ni bakuli la pipi la sikukuu ya Halloween limegeuzwa juu chini.

Na kuna wa tatu umemsahau, Gypsy, yule mkubwa mwenye jicho moja. Kichwa chake ni kiti cha gari cha mtoto mchanga, jicho ni tochi, na mwili ni bomba refu la mpira. Kwangu mimi huyu ndo kazi bora kuliko wote, kwa sababu kiti cha mtoto kilivyo na ule mkunjo wa kukalia ukikilaza kinakuwa taya, yaani mdomo ulikuwa umeshatengenezwa na kiwanda bila wao kujua.

Kuhusu kubadilika, aliyebadilika zaidi ni Servo. Kwenye kile kipindi cha majaribio hakuwa Servo, alikuwa anaitwa Beeper, rangi ya fedha, na alikuwa haongei, anatoa milio tu ambayo Crow peke yake ndo anaielewa. Hebu fikiria roboti wa kukaa kwenye kiti masaa mawili akiangalia filamu, kazi yake ni kuisema, afu haongei! Wakampa sauti, aliyemchezesha wakati huo ni Josh Weinstein, kijana wa miaka 17, jina likabadilika akawa Tom Servo, na rangi ya fedha ikaja kuwa nyekundu. Kipindi kilianza kurushwa KTMA Novemba 1988, mwaka uliofuata kikachukuliwa na chaneli ya taifa zima ya vichekesho. Weinstein alipoondoka Kevin Murphy akachukua Servo kuanzia 1990, sauti nzito ya kujiamini, na hapo ndo kile kichwa cha mashine ya pipi kikapata heshima yake yote.

kamera_mkononi:

Salamu kutoka Nairobi. Mzee wa waya amemaliza upande wa vitu, mimi niongeze upande wa kamera kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na naona watu wengi wanaipita.

Sehemu kubwa ya hicho kipindi hauwaoni hawa maroboti kwa rangi yao. Unawaona kivuli tu, cheusi tii, chini ya skrini upande wa kulia, wamekaa kwenye viti vya sinema na filamu inaendelea nyuma yao. Hakuna macho hapo, hakuna dhahabu wala nyekundu. Kwa hivyo kila mmoja lazima ajulikane kwa mstari wake wa nje pekee, na sasa angalia vile ile wavu na ule mdomo wa pini vinatokea, angalia ile kuba ya Servo na mabega yake. Hata ukipita sebuleni mbio unajua Crow ni gani. Chombo cha nyumbani kina faida hapo kwa sababu aliyekibuni kiwandani alishakipa umbo safi, la kushikika, lenye mstari mmoja ulionyooka. Ukijaribu kuchonga roboti wako mwenyewe kutoka mwanzo mara nyingi unaweka vitu vingi vidogo vidogo vya kupendeza karibu na jicho, na kwa kamera vinakuwa takataka.

Ndio maana mimi ningemwambia ticha hivi. Kabla hujagundisha kitu chochote, panga vyombo vyako kwa meza, washa taa nyuma yake, zima taa ya mbele, halafu piga picha na simu. Kama kwa ile picha nyeusi huwezi kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi, hiyo kichwa bado.

Huku kwetu pia tulikuwa na vikaragosi maarufu vya televisheni, The XYZ Show ya mchora katuni Gado iliyoanza 2009, lakini pale njia ni tofauti kabisa. Wale walikuwa wanasiasa, lazima wafanane na mtu ambaye nchi nzima inamjua, kwa hivyo unaanza na kuchonga uso kwa udongo, halafu mpira wa latex. Hiyo ni kazi ya pesa nyingi na watu wengi. Roboti haifanani na mtu yeyote, hakuna wa kukuambia pua umekosea. Hiyo uhuru itumie.

dada_wa_cherehani:

Naomba niingie na mimi, mimi nashona vikaragosi vya kitambaa. Hii habari ya kuanza na kilichopo ndani haikuanza na maroboti. Kermit, yule chura wa kijani anayejulikana dunia nzima, mtengeneza vikaragosi Mmarekani Jim Henson alimtengeneza mwaka 1955 kwa koti la zamani la mama yake, rangi yake ilikuwa kama buluu inayokwenda kijani, na macho ni kimpira cha pingpong kimekatwa nusu kwa nusu. Kilikuwa kipindi kifupi cha televisheni pale Washington kinaitwa Sam and Friends. Na hakuwa chura! Alikuwa kiumbe tu, kama mjusi mjusi hivi, miguu ya mviringo. Ule ukosi wa pembe pembe shingoni na miguu ya bata vilikuja miaka ya baadaye, na ndo taratibu akawa chura.

Ninachotaka ticha akione ni macho. Pingpong kwa Kermit, pingpong kwa Crow. Vile vimpira ni vyepesi, ni vyeupe bila kung'aa sana, ni duara kamili kwa hiyo taa ikipiga haileti doa la mng'ao kali, na bei yake kila mtu anaimudu. Mboni ndo yenye kazi. Ukiweka mboni katikati kabisa kikaragosi kinaonekana kimeshtuka muda wote, hakiangalii mtu. Zisogeze kidogo kuelekea puani, zote mbili, hapo ghafla kitakuangalia wewe. Jaribu kwa kubandika vikaratasi vyeusi kwanza, usichore, sogeza sogeza huku mtu mwingine amesimama pale kamera itakapokuwa.

ticha_chekechea:

Asanteni sana kwa kweli sikutegemea majibu ya namna hii. Nimefanya ile ya picha ya kivuli, kifuniko cha hotpoti kimenishangaza, kikisimama kwa ubavu kinafanana na kofia na kile kishikio kinakuwa kama antena. Kopo la maziwa likawa kama kopo tu, halina mbele wala nyuma.

Nina maswali mawili. Plastiki haikunji uso, haicheki, hainuni, sasa watoto watajuaje roboti amefurahi au amekasirika? Na mikono lazima ifanye kazi? Maana mimi ni mmoja, mkono mmoja uko kichwani, mwingine nitashika kadi za namba.

mzee_wa_waya:

Mikono nianze nayo. Mikono ya Servo haifanyi kazi kabisa, ni vimikono vimening'inia tu. Wangeweza kukaa wakahangaika na waya na vijiti mpaka isogee, lakini walichofanya ni kuiingiza kwenye hadithi, yaani Servo mwenyewe anajua kwamba mikono yake haifanyi kazi na anaongea hivyo mbele ya watu, anaomba asaidiwe, analalamika. Hata kile chini, hana miguu, anaelea, kwa sababu mchezeshaji yuko chini ya meza na miguu ingekuwa inamsumbua. Gypsy naye ni mkubwa hafai kukaa kwenye viti vya sinema, basi kwenye hadithi akapewa kazi ya kuendesha mitambo ya chombo, kwa hiyo ana sababu ya kutokuwepo. Yaani tatizo la umbo likigeuka kuwa tabia ya mhusika watazamaji wanalipokea vizuri sana, hawaoni upungufu. Wako akiwa hana mikono awe ndo roboti anayewaomba watoto wamuhesabie vidole kwa sababu yeye hana. Somo lako limeshapatikana hapo hapo!

Uso sasa. Crow macho yake yanageuka kulia na kushoto, mdomo unafunguka na kufunga, basi, hana zaidi. Hisia zote zinatoka shingoni. Akiinamisha kichwa ana huzuni, akikilaza upande anatafakari, akigeuka ghafla kumwangalia mwenzake bila kusema neno hapo kashangaa. Kichwa kigumu ambacho hakibadiliki kinamlazimisha mtazamaji asome mwendo, na mwendo mtoto wa miaka mitatu anausoma vizuri kuliko uso. Kwa hiyo nguvu zako usizimalizie kwenye nyusi za kupanda na kushuka, zimalizie kwenye kiungo cha shingo kiwe laini, kiende pande zote, na kisitoe kelele maana maiki itaidaka.

Trace Beaulieu ndo alikuwa wa kwanza kumchezesha Crow, akaja Bill Corbett 1997 kipindi kilipohamia chaneli ya Sci-Fi. Sauti tofauti, mtu tofauti, lakini kichwa kile kile na namna ya kugeuka ile ile, na watu waliendelea kumpenda.

injinia_wa_mtaa:

Wakuu mimi naona mnamrudisha dada miaka ya 80. Siku hizi injini ndogo za servo (sio yule roboti, ni vimota vya umeme vya kusogezea viungo) zinauzwa hata Kariakoo, unaweka mbili za macho, moja ya mdomo, kidude cha kuziongoza unakiprogramu, roboti anajiendesha mwenyewe na mikono yote miwili inabaki huru. Halafu vichwa unaprinti kwa 3D, mambo ya pini za bolingi ya nini tena.

kamera_mkononi:

Kaka injini inasogea sawa, lakini haimskizi mtoto. Mtoto akijibu swali kabla ya wakati, mkono wa mtu unageuka kumwangalia papo hapo. Ile programu itaendelea na ratiba yake. Na sauti ya zile injini ndogo kwa chumba kimya inaingia kwa rekodi, itabidi uifute kila mara.

Hata wenyewe wa MST3K waliporudi baada ya kipindi kusimama, mwaka 2015 walichangisha kwa mtandao wakapata zaidi ya dola milioni 5.7, kikaenda Netflix 2017. Pesa walikuwa nayo sasa. Waliongeza vitu kweli, Servo akawa anaweza kuruka mle sinema na Gypsy anashuka kutoka juu, lakini maumbo waliyaacha. Crow bado ana mdomo wa pini na wavu kichwani. Na bado kuna watu wanawachezesha kwa mikono.

mtoto_wa_bohari:

Mimi sio mtaalamu wa hivyo vikaragosi ila kwenye hili la vyombo nina neno moja. Nimekuwa mpenzi wa zile Dalek za BBC toka zamani, yaani wale maadui wanaofanana na maroboti kwenye kipindi cha Doctor Who, zile za 1963 alizobuni Raymond Cusick, sio vikaragosi maana ndani anakaa mtu, lakini mkono wake ni ule mpira wa kuzibulia sinki, kisa bajeti. Ule mpira mpaka leo ukiuona bafuni unaifikiria Dalek. Kwa hiyo kwa swali la kuficha au kuacha mimi nasema acha kimoja kijulikane waziwazi, na vingine viwe vya kutafuta. Watoto wakigundua kwamba kichwa cha roboti ni kifuniko cha hotpoti kama ya mama yao watakwenda jikoni kutengeneza wa kwao, na hiyo kwa mwalimu ni faida kubwa.

dada_wa_cherehani:

Naunga mkono. Nakumbuka watoto wanavyotengeneza magari ya makopo na waya, hakuna anayeficha kopo, maandishi ya blue band yanasomeka kabisa ubavuni na gari linabaki gari.

mzee_wa_waya:

Kweli kabisa, ila rangi moja iwaunganishe. Crow kabla ya dhahabu ni rundo la vyombo vya vyumba tofauti, bafuni, jikoni, uwanjani. Ile dhahabu moja kuanzia mdomo mpaka kifua ndo ilimfanya awe mwili mmoja. Servo yeye aliachiwa ile kuba yake bila rangi na ndo ikawa alama yake. Kwa hiyo dada, kifuniko kiache na rangi yake halisi kama alivyosema mtoto wa bohari, mwili wote chini piga rangi moja.

Na jambo ambalo wengi linawakuta, nunua kila chombo zaidi ya kimoja leo hii. Viwanda vinaacha kutengeneza. Ile tapawea ya kifua cha Crow haitengenezwi tena, mashabiki wanaojenga nakala zao wanaitafuta kwenye mitumba kwa bei ya ajabu, wengine imebidi watengeneze kalibu wamimine plastiki yao. Kikaragosi kinadondoka, kinakanyagwa, kinapasuka katikati ya kurekodi, na ukienda dukani mwezi ujao utakuta hotpoti zimekuja za mtindo mwingine.

ticha_chekechea:

Nimeshaenda kuchukua vifuniko vingine vya aina ile ile. Sasa rangi, nimejaribu ya spreyi kwenye chupa ya maji imebanduka kama ganda, nimekosea wapi?

mzee_wa_waya:

Hujakosea, plastiki nyingi za jikoni na chupa haziipendi rangi, hasa zile laini zenye utelezi kama mafuta. Osha kwanza kwa sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe, ikauke, afu sugua msasa laini uso wote upotee ule mng'ao. Tafuta praima ya plastiki, wanaopiga rangi bampa za magari wanayo, waambie wakupimie kidogo, piga koti jembamba moja, subiri, piga la pili. Rangi yenyewe nayo makoti membamba mengi, chupa ya spreyi iwe mbali kidogo, usitake ifunike mara moja. Na pale vyombo vinapokutana usitegemee gundi peke yake, ile plastiki ya utelezi gundi inaachia ukishaanza kutikisa kichwa. Toboa matundu, funga kwa skrubu na nati au riveti, skrubu zikionekana usijali, ni roboti.

Shingo ukifikia niandikie, kuna namna ya kutumia kipande cha mpira wa bomba la gesi, nitakupigia picha ya ninayoitumia mimi.